Kibao cha sheli kikibadilika, kopo la oili nalo huhama

Mwaka 2011 vibao vya BP vilianza kushushwa kwenye sheli za Tanzania, vikapanda vya Puma. Mwaka 2015 KenolKobil ya Kenya ikaiuzia Lake Oil biashara yake ya hapa nchini. Mwaka 2017 Total ikakamilisha ununuzi wa Gapco katika Tanzania, Kenya na Uganda, ikajipatia vituo takriban 100 na maghala mawili ya mafuta, moja Dar es Salaam na jingine Mombasa. Mwaka 2019 Vivo Energy ikainunua Engen katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, na safari hiyo vibao havikuguswa: jina lilibaki lilelile, mwenye mali akawa mwingine. Miaka mitatu baadaye Vivo yenyewe ikamezwa yote na Vitol, wachuuzi wakubwa wa mafuta duniani.

Dereva wa Fuso anayeshusha kabichi na karoti kutoka Nyandira, milimani Uluguru, amepita katikati ya mauzo yote hayo bila kuulizwa neno. Kwenye pampu hakuumia sana, na sababu ni EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mamlaka hiyo hutangaza bei kikomo ya petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila mji, na tangu mwaka 2012 mafuta yenyewe huingia nchini kwa utaratibu wa uagizaji wa pamoja. Mwenye sheli pale Msamvu, mjini Morogoro, awe Mfaransa, Mswisi au Mtanzania, haruhusiwi kuuza lita juu ya bei iliyotangazwa.

Sasa ingia ndani ya sheli hiyohiyo, simama mbele ya rafu iliyo nyuma ya mhudumu. Kuna oili ya injini ya dumu la lita tano na ya kopo la lita moja. Kuna oili ya gia na ya difu, maji ya breki, kulanti ya rejeta, grisi, maji ya betri, dawa ya kusafisha nozeli, polishi ya dashibodi, na ile dawa ya kung'arisha matairi inayopendwa na wenye Noah za harusi. Hakuna bei kikomo hata kwa kimojawapo. EWURA hutoa leseni kwa wanaofanya biashara ya vilainishi na Shirika la Viwango, TBS, huangalia ubora, lakini bei ya kopo ni ya mwenye kopo. Hapo ndipo kampuni zikinunuana mkono wa mnunuzi mpya unapofika mfukoni mwa mtu wa Morogoro, na hapo ndipo hatutazami.

Anayedhani hili ni jambo la watu wenye magari ya kifahari apande mlima aone. Morogoro, mji kasoro bahari, uko mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, lakini nyuma yake Uluguru inainuka mpaka zaidi ya mita 2,600 kule Kimhandu. Kwenda Mgeta unaacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, unapita Mlali, kisha unaanza kukwea kuelekea Langali na Nyandira. Upande wa pili kuna njia za Kinole, Tawa na Matombo, kwenye ndizi, machungwa, mdalasini na karafuu. Njia zote hizi zina tabia moja: gari hupanda tupu na kushuka na mzigo. Kazi ngumu si ya injini peke yake. Ni ya breki.

Dereva anayeijua kazi hushuka kwa gia ndogo na kuiachia injini ishike uzito. Asiyeijua, au aliyechelewa soko, hukaa na mguu juu ya breki kona baada ya kona, na joto la pedi hupenya mpaka kwenye maji ya breki. Maji mapya ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205, na ya DOT 4 kabla ya nyuzi 230. Lakini maji ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na Uluguru haina upungufu wa ukungu. Yakishalowa, vipimo hivyo huporomoka hadi nyuzi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Yakichemka yanafanya mapovu ya mvuke ndani ya mipira, pedali inazama mpaka chini, na tani kadhaa za kabichi zinaendelea na safari bila ruhusa ya dereva. Kwa mtu wa Langali, tofauti kati ya kopo la DOT 3 na la DOT 4 ni suala la kurudi nyumbani salama. Mmiliki mpya akikaa ofisini kwake ng'ambo akaamua kwamba masoko madogo yatapelekewa aina moja tu kwa sababu inatoka haraka, uamuzi huo utakuja kupimwa kwenye kona hizo.

Na maamuzi ya namna hiyo hufanywa. Anayenunua kampuni, mara nyingi kwa fedha za mkopo, anataka kurudisha alichotoa. Njia zinajulikana: kupunguza idadi ya bidhaa, kuunganisha viwanda, kubadilisha anayeuza malighafi, kuachana na mawakala wadogo, kupandisha bei pale ambapo wateja hawana pa kukimbilia. Si lazima yote yatokee. Wakati mwingine mnunuzi huleta mtaji, mtandao mzuri zaidi wa usambazaji na maabara bora, na mteja hufaidika kweli. Ila mteja hupata kujua lipi limetokea baada ya miezi, akiwa ameshaweka kitu kwenye injini.

Chukua STP, chupa zile ndogo za kusafisha mfumo wa mafuta ambazo madereva wa Afrika Mashariki wanazifahamu. Hadi 2010 zilikuwa mali ya Clorox, kampuni ya Marekani inayojulikana kwa dawa za kufulia. Mwaka huo ziliuzwa, pamoja na polishi za Armor All, kwa Avista Capital, kampuni ya uwekezaji. Mwaka 2015 zikaenda kwa Spectrum Brands kwa dola bilioni 1.4. Januari 2019 zikatua kwa Energizer, watengenezaji wa betri za tochi, kwa dola bilioni 1.25. Wamiliki wanne ndani ya muda usiofika miaka tisa, na jina kwenye chupa ni lilelile. Valvoline, jina lililoanza mwaka 1866, liligawanywa: vituo vya kumwaga oili kule Marekani vilibaki kwa wenyewe, na biashara ya kutengeneza na kuuza oili duniani ikanunuliwa na Aramco ya Saudi Arabia, Machi 2023, kwa dola bilioni 2.65.

Castrol ndiyo inayotugusa zaidi kwa sasa. BP iliinunua mwaka 2000. BP ilipoondoka kwenye pampu za Tanzania mwaka 2011, iliuza hisa zake asilimia 50 kwa Puma, serikali ikabaki na nusu yake, lakini jina la Castrol halikuuzwa pamoja na sheli. Kuanzia hapo kibao cha barabarani na kopo la rafuni vilishika njia tofauti, ingawa wengi wetu tuliendelea kuviona kama ndugu. Kisha Desemba 2025 BP ikatangaza makubaliano ya kuuza asilimia 65 ya Castrol kwa Stonepeak, wawekezaji wa New York, kwa hesabu inayoipa biashara nzima thamani ya dola bilioni 10.1. BP inabaki na asilimia 35, na ilisema inatarajia kukamilisha mauzo kufikia mwisho wa 2026.

Hatari ya kwanza ninayoiogopa katika mauzo ya aina hii ni feki, kuliko hata bei. Kampuni ikihama mikono, mara nyingi kopo hubadilishwa sura: mfuniko rangi nyingine, lebo mpya, anwani mpya ya mtengenezaji. Kwa miezi kadhaa rafuni kunakuwa na makopo ya zamani na mapya ya oili ileile, na hakuna mwenye uhakika lipi ndilo. Hicho ndicho kipindi cha mavuno kwa anayechuja oili chafu, akaitia rangi na kuijaza kwenye dumu lililookotwa gereji. Mteja akiuliza mbona lebo si ile aliyoizoea, jibu liko tayari: kampuni imenunuliwa, hii ndiyo mpya.

Keti gereji ya kawaida hapa mjini, umwangalie fundi mzuri akimwaga oili. Analala chini ya gari, analegeza nati ya sampu, oili nyeusi inashuka kwenye karai. Ikiisha, anafunga nati, anafunga filta mpya akiwa ameupaka mpira wake oili kidogo. Halafu, kabla ya kufungua dumu jipya, analigeuza. Anatazama pete ya mfuniko kama imeshikana bado na kifuniko, anabonyeza karatasi ya lakiri iliyo ndani, anasoma tarehe na namba ya toleo iliyochapwa kwenye plastiki, kwa sababu lebo huchapishwa mtaani lakini namba iliyochomwa kwenye plastiki ni kazi ngumu zaidi kuigiza. Akimaliza kumimina, anachukua bisibisi na kulitoboa dumu tupu. Kitendo hicho cha mwisho kina faida kuliko matangazo mengi: dumu lililotobolewa halijazwi tena. Mteja ambaye fundi wake hafanyi hivyo alitoboe mwenyewe, na asione haya.

Jambo la pili ambalo mteja anaweza kulifanya ni kuacha kununua jina. Uso wa kopo una jina na picha ya gari linalokimbia, na hivyo ndivyo vinavyouzwa na kununuliwa kule New York. Mgongo wa kopo una herufi na tarakimu ambazo hazina mwenyewe. Kwa oili yenye maandishi 15W-40, tarakimu ya kwanza, ile yenye W, hueleza wepesi wa oili injini ikiwa baridi, na ya pili uzito wake injini ikishapata moto wa nyuzi 100. Kipimo cha API kikianza na S, oili hiyo ni ya injini za petroli. Kikianza na C, ni ya dizeli, na herufi inayofuata huonyesha kizazi chake. Fuso kuukuu la dizeli na IST ya mwalimu wa Mzumbe havinywi kitu kimoja, hata makopo yakiwa na nembo moja. Aliyeandika kwenye daftari la gari lake daraja linalotakiwa na kitabu cha mtengenezaji ana uwezo wa kuhama kutoka kampuni moja hadi nyingine siku bei inapopanda au kopo linapotiliwa shaka, na kampuni inajua hilo. Asiyelijua hana la kufanya zaidi ya kulipa.

Bodaboda wanapaswa kuangalia zaidi, na ndio wateja wengi kuliko wote. Pikipiki zao nyingi zina klachi inayoogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili ya gari dogo, hasa zile nyepesi za kisasa zenye viungo vya kupunguza msuguano, inaweza kuifanya klachi iteleze: unavuta mafuta, injini inalia, pikipiki haiendi. Alama ya kutafuta kwenye mgongo wa kopo ni JASO MA. Kijana anayepandisha abiria Bigwa au Kiroka akinunua oili ya kupima kutoka kwenye pipa, ananunua bila mgongo wa kopo wowote. Ninaelewa kwa nini: lita moja iliyofungwa ni fedha nyingi kwa mkupuo kwa mtu anayelaza hesabu kwa bosi kila jioni. Ndiyo maana vifungashio vidogo si jambo dogo, na ni kati ya vitu ambavyo kampuni huweza kupunguza pale mnunuzi mpya anapoanza kubana gharama.

Wazee wa Morogoro hawahitaji kuelezwa kwamba kununuliwa kwa kampuni kuna pande mbili. Huu ulikuwa mji wa viwanda: magunia, ngozi, viatu, turubai, polista, vyombo vya udongo, mafuta ya kula ya Moproco. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipobinafsishwa, viwanda vilipata wenyewe wapya. Kile cha polista kiliingia mikononi mwa kundi la MeTL na kinaitwa 21st Century Textiles. Vingine vilifungwa na majengo yakageuzwa maghala. Tofauti mara nyingi ilitokana na masharti: yaliandikwa nini wakati wa kuuza, na nani alirudi baadaye kukagua. Madereva wa Land Rover nao wana kisa chao. CMC, jina walilolijua kwa miongo mingi, ilinunuliwa na Al-Futtaim wa Dubai mwaka 2014. Mwanzoni mwa 2025 ikatangaza kufunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania.

Sheria tunayo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza muungano unaoleta au kuimarisha nguvu ya kuhodhi soko, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayopima maombi. Na mfano wa mlaji kusikilizwa tunao pia, kwenye saruji. Mwaka 2021 Scancem, kampuni tanzu ya HeidelbergCement ambayo tayari ilikuwa na Twiga, iliomba kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement. Aprili 2022 FCC ikaridhia kwa masharti. Kampuni ya Chalinze Cement na chama cha kutetea walaji cha TCAS wakaenda Baraza la Ushindani, wakaonyesha kwamba Twiga na Tanga kwa pamoja zingevuka mpaka wa asilimia 35 ya soko uliowekwa na sheria wakati ule. Septemba 2022 baraza likaufuta ununuzi. Hadithi haikuishia hapo. Maombi mapya yalipita mwaka 2023, na baadaye Tanga Cement ikaenda kwa Amsons, kundi lilelile lenye sheli za Camel Oil. Lakini kwa muda wote huo bei ya mfuko wa saruji na nani anamiliki kiwanda vilijadiliwa hadharani, bungeni na magazetini, na wanunuzi walisikilizwa kama watu wenye haki ya kusema.

Kwa vilainishi na bidhaa za magari sijawahi kuona mjadala wa ukubwa huo, na unahitajika. Ombi la muungano unaogusa bidhaa hizi likifika, FCC, ambayo pia inasimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na kuwakamata wauza feki, inaweza kuunganisha kazi zake mbili. Inaweza kumtaka mnunuzi atangaze kwa Kiswahili, kwa picha, kopo la zamani na kopo jipya, na tarehe ambayo la zamani litaondoka sokoni. Inaweza kumtaka awabadilishie wenye maduka ya spea mzigo waliobaki nao, wasije wakajikuta wanauza oili halali inayoonekana feki. Inaweza kudai awepo mtu Tanzania anayepokea malalamiko ya injini iliyonoki, si anwani ya barua pepe tu.

Na kuna sharti moja ambalo Uluguru inastahili kulidai kuliko mlima mwingine wowote nchini. Oili chafu inaenda wapi? Leo sehemu yake huchukuliwa na mafundi seremala kupaka mbao zisiliwe na mchwa, nyingine huishia kwenye minyororo ya misumeno, iliyobaki humwagwa nyuma ya gereji. Mito ya upande wa Mlali na Mzumbe hujaza bwawa la Mindu, ambalo mji huu hunywa. Mto Morogoro hupita mjini, huingia Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayowanywesha watu wa Kibaha na Dar es Salaam. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekuwa likionya kwamba oili ya sevisi moja ya gari inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na bado vijana wanaosha magari, vyasisi kwa sabuni ya unga na injini kwa dizeli, huku miguu yao ikiwa ndani ya maji. Siwalaumu vijana. Hakuna aliyewawekea shimo la kukusanyia wala pipa la kurudishia. Kampuni inayopata faida kwa kuuza dumu la lita tano ingeweza kubebeshwa wajibu wa kuzichukua lita hizo zikishachakaa, kwa pipa moja kila sheli na lori moja linalozunguka. Wakati wa kuiomba hilo ni pale inapotaka kibali.

Tangu Novemba 2025 Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, imeanza kupokea maombi ya miungano inayovuka mipaka ya nchi wanachama. Kwa hiyo milango sasa ni miwili: ya FCC na ya Arusha. Wenye maduka ya spea wa Morogoro, vijiwe vya bodaboda na wasafirishaji wa mboga wa Mgeta hawajawahi kuandika barua ya pamoja kwenda kwa yeyote kati yao. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: ni makopo gani wanayategemea, ni daraja gani la maji ya breki lisikosekane, kifungashio gani kidogo kisifutwe, na pipa la oili chafu liwekwe wapi.